Hatua Wanayoiruka Wengi

Karatasi ya maelekezo ilikuwa na hatua tisa, na kabla Bi Miwani hajaigusa kompyuta alikuwa ameshaisahihisha yote kwa kalamu nyekundu. Aliondoa neno lililorudiwa, akainyoosha sentensi moja iliyokwenda kombo, na pembeni mwa hatua ya tatu akaandika "Nani?", kwa sababu maelekezo yalisema ufunguo utengenezwe bila kusema na nani. Msimcheke. Mtu aliyejipatia riziki kwa miaka thelathini na miwili kwa kusahihisha maandishi ya wenzake hawezi kupita karibu na sentensi iliyopinda akajifanya hamnazo. Hata hilo jina alilipata kazini: shingoni alining'iniza jozi mbili za miwani, moja ya kuonea herufi na nyingine ya kuonea watu, na mara nyingi aliwaangalia watu kwa ile ya herufi.

Hatua ya saba peke yake hakuitia wino. Ilisema: "Kabla ya kukubali, mpigie simu mtunza seva, umsomee alama ya kidole ya seva kama unavyoiona, naye aithibitishe. Watu wengi huiruka hatua hii."

Aliisoma mara nne, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. Mtunza seva alikuwa wifi yake, mke wa marehemu kaka yake, na wawili hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita.

Zamani walifanya kazi pamoja katika kiwanda kimoja cha chapa, kwenye chumba chembamba cha ghorofani kilichoitwa chumba cha kusomea. Kusoma huko kulikuwa kwa watu wawili. Bi Miwani alishika mswada, yaani maandishi ya mwandishi mwenyewe, akausoma kwa sauti, kila herufi na kila alama. Wifi alishika karatasi ya majaribio iliyopandishwa kutoka kwa wapanga chapa, akafuatisha kwa ncha ya penseli. Mstari ukiwa sawa, wifi aligonga penseli mezani mara moja. Ko. Maana yake: endelea. Kama mstari hauko sawa, penseli ilinyamaza na wifi alisema neno moja tu, "Umeruka," au "Wameruka," ikitegemea kosa ni la nani. Siku nzima ilikwenda hivyo, sauti na ko, sauti na ko, hata alasiri za joto wote wawili walikuwa kama watu waliolala macho wazi, na bado hakuna nukta iliyowaponyoka.

Kwa majina na tarakimu walikuwa na lugha yao wenyewe. Herufi kubwa waliiita mzee, ndogo waliiita mtoto. Sifuri lilikuwa yai. Alama ya kujumlisha ilikuwa njia panda, na mkwaju, ule mstari wa kuinama, ulikuwa fimbo. Kaka mtu, aliyekuwa mpanga chapa chini, aliwasikia kupitia sakafu na kusema kwamba huko juu kuna wachawi wawili wanalea watoto wa watu.

Kisha kaka akaugua, macho yakamwisha nguvu, na mkewe akawa anamsomea gazeti kila asubuhi kabla ya kuja kazini. Kisha akafa. Kiwanda kilitoa kijitabu cha kumbukumbu, nakala mia tatu, na wasomaji walikuwa nani kama si hao hao wawili, macho yamevimba, wakikataa katakata mtu mwingine asikiguse. Nakala zilipogawiwa mbele ya watu wote, ukurasa wa mwisho ulisema marehemu ameacha dada mmoja na marafiki wengi wa kiwandani. Basi. Mke hakuwamo.

Maneno ya watu mnayajua. Ilisemwa kwamba dada mtu amefanya kusudi. Bi Miwani alipoulizwa na wifi yake, uso kwa uso, kwenye ngazi za kiwanda, alijibu kwa hasira jambo ambalo hadi leo likimjia usingizini humwamsha: "Karatasi ulikuwa nayo wewe mkononi. Hukujiona kuwa haumo?"

Wifi alizishuka zile ngazi. Alikwenda kuishi mbali sana kwa dada yake mkubwa, huko akajifunza kompyuta, na kiwanda kilipofunga chumba cha kusomea na kuhamishia vitabu vyote kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza kazi za wote, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuitunza. Walichagua vizuri. Hapakuwa na mtu mwingine ambaye nukta isiyo mahali pake ilimnyima raha.

Sasa meneja wa kiwanda alikuwa amepiga simu. Kulikuwa na kamusi ya kurasa elfu moja na mia mbili, nayo ilitaka kusomwa kwa mtindo wa zamani, watu wawili, kila mmoja kwake, wote ndani ya seva, simu ikiwa wazi kati yao. "Nimemwuliza mwenzako," meneja alisema. "Amesema, akiingia, aingie. Lakini mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo nawapa watu wengine."

Akiingia, aingie. Bi Miwani alikuwa akiyapima maneno hayo tangu juzi na hakuyapatia uzito. Kazi aliitaka, asikudanganye mtu. Lakini alichokuwa akikitamani kwa miaka sita, akiosha vyombo, akipanga foleni benki, akijilaza baada ya chakula cha mchana, ilikuwa ni ile ko.

Asubuhi ya Alhamisi alimwita Fundi, binti mwenye duka la kutengeneza kompyuta chini ya nyumba yake. Fundi alikuja na bisibisi imechomekwa kwenye nywele, akakaa kando ya kiti, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe.

"Mama, hapa tunatengeneza funguo mbili kwa mpigo," alisema. "Huu wa hadharani, usikutishe jina, kwa kweli ni kama kufuli. Unampelekea mwenye nyumba, anakufungia mlangoni kwake. Huu mwingine ni wa siri, ndio unaofungua kufuli lako. Hautoki humu. Hata mimi usinipe, hata nikikulilia."

"Na wewe unalilia nini ufunguo wangu?"

"Nasema tu, mama."

Akaandika amri, akabonyeza, na kabla ya kupepesa macho funguo zilikuwa zimeshazaliwa. Dirisha jeusi likauliza neno la siri la kuufungia ule ufunguo.

"Weka sentensi ndefu," Fundi alisema, akigeuka kutazama ukutani kwa adabu. "Kitu usichoweza kukisahau na usichowahi kumwambia mtu. Ukiandika hutaona kitu, hata vinukta. Usishtuke. Ndivyo ilivyo."

Bi Miwani aliweka vidole juu ya herufi. Kitu asichoweza kukisahau na asichowahi kumwambia mtu. Hakuhitaji kufikiri. Aliandika taratibu, mstari mzima wenye mikato na nukta yake, na kioo kikabaki cheusi kana kwamba hajaandika lolote. Mashine ikamtaka arudie. Akarudia. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, na Fundi, aliyekuwa akihesabu nyufa za ukuta, alidhani ni joto.

Ufunguo wa hadharani ulikuwa mstari mmoja mrefu wa herufi zisizosomeka. Waliutuma kwa mtunza seva kwa barua pepe. Fundi akashuka dukani, akaahidi kurudi jibu likija.

Mchana ukakaa juu ya nyumba bila kusogea. Pazia lilivuta pumzi na kuitoa. Feni iligeuka kushoto, ikafikiri, ikageuka kulia. Bi Miwani aliegemea kiti akisubiri, miwani zote mbili kifuani, na usingizi ukamjia miguuni kwanza.

Aliota anakwenda kuiona seva. Ilikuwa nyumba ndefu isiyo na madirisha, yenye baridi tamu kama ndani ya mtungi, na kila ukuta ulikuwa na taa ndogondogo za kijani zilizopepesa bila haraka. Alitembea peku. Milango ilikuwa mingi na kila mmoja una kufuli, na kila kufuli limeandikwa mstari mmoja wa kitabu fulani alichowahi kukisoma, naye aliitambua yote, akaisalimu kwa kuigusa. Mwisho wa ukumbi palikuwa na meza ya chumba cha kusomea, yenye alama ya kikombe cha chai pale pale pembeni. Kiti kimoja kilikuwa na mtu amempa mgongo. Bi Miwani akakaa upande wa pili, akafungua mswada, akasoma mstari wa kwanza. Akangoja. Taa za kijani zikapepesa. Akausoma tena mstari ule ule, mara kumi, mara mia, na penseli haikugonga, naye alijua kwamba isipogonga atasoma mstari huo huo hadi nyumba nzima iyeyuke.

Kompyuta ilimwamsha kwa kulia mara moja. Barua ilikuwa imefika. Ndani yake palikuwa na neno moja: "Umewekwa."

Alilisoma kwa miwani ya herufi, kisha kwa miwani ya watu. Hakuna salamu. Hakuna jina. Lakini nukta ilikuwapo mwishoni, na mtu aliyekukasirikia kweli kweli haweki nukta, alijiambia, kisha akajicheka kwa kujidanganya.

Fundi alirudi akitafuna karanga. Aliandika amri ya kuingia, na dirisha jeusi likaleta maneno mengi. Lilisema halijawahi kuiona seva hii. Lilisema alama yake ya kidole ndiyo hii, herufi na tarakimu arobaini na tatu zimeshikana mikono. Likauliza: una uhakika unataka kuendelea?

"Andika ndiyo, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa seva."

"Nimejuaje kama ndiyo yenyewe?"

Fundi akaacha kutafuna. "Kila mtu anaandika ndiyo. Mimi mwenyewe tangu nianze kazi sijawahi kuisoma hiyo alama. Hivi nani anasoma?"

"Mimi nasoma," Bi Miwani alisema. Alikuwa amesema hivyo kwa miaka thelathini na miwili.

"Ukikawia, itakuchoka na kukata."

"Ikikata nitaanza upya. Wewe nenda, mwanangu, una wateja. Nikikwama nitagonga sakafu."

Fundi alimtazama, akatazama karatasi yenye wino mwekundu, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuelewa kwamba hatua ya saba ilikuwa na mambo yake. Akashuka bila kuuliza. Mlango ukafungwa polepole.

Bi Miwani alipiga moyo konde. Namba aliijua kwa moyo ingawa hakuwahi kuipiga. Simu ililia huko mbali mara tatu, mara nne. Ikapokewa. Hakuna aliyesema halo.

"Ni mimi," alisema. "Niko hatua ya saba."

Sauti ilikuja, nzito kidogo kuliko alivyoikumbuka: "Wengi huwa hawapigi."

"Najua. Imeandikwa."

"Nimeandika mimi."

Bi Miwani akaigeuza karatasi kifudifudi. Angejua maelekezo yametoka mkononi mwa nani asingeyatia wino hata kidogo. Au pengine angeyatia zaidi. Alisikia huko upande wa pili kiti kikiburutwa, karatasi ikinyooshwa, na kisha ule utulivu aliokuwa akiufahamu kuliko sauti yoyote, utulivu wa mtu aliyeweka ncha ya penseli kwenye herufi ya kwanza.

"Soma," wifi alisema.

Na Bi Miwani hakusoma kama watu wanavyosoma. Kinywa chake kilikwenda chenyewe mahali kilipopazoea. "Mtoto t, saba, mzee R, mtoto k."

Ko.

Ilikuwa ndogo, ya mbali, imepita katika nyaya na minara na hewa ya nchi nzima, lakini ilikuwa yenyewe. Chumba kikalegea. Pazia likatoa pumzi na lisiivute tena. Kwa macho ya nusu usingizi aliiona meza, alama ya kikombe, vumbi la mchana likielea juu ya mswada, na chini ya sakafu kaka yake akipanga chapa na kuwatania.

"Yai, mtoto m, fimbo, mzee V."

Ko.

"Mtoto h, mzee Q, tisa, mtoto e."

Ko.

"Njia panda, mzee X, mtoto b, mbili."

Ko. Herufi zilikuja nne nne, zikimshika mkono na kumpitisha, na kila ko ilifungua mlango mmoja wa ile nyumba ndefu. Wazee na watoto walikuwa wakimpisha njia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele na hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulishika simu na wa pili ulikuwa kwenye kioo, ukifuatisha.

"Mtoto w, mzee D, yai, mtoto s," alisoma.

Penseli haikugonga.

Alingoja. Huko mbali mtu alivuta pumzi.

"Umeruka," wifi alisema.

Bi Miwani alitazama kioo. Kweli. Alikuwa ameruka herufi nne nzima na kutua ng'ambo, na hata yeye hakujua kama ni macho yaliyoruka au ni moyo. Neno hilo alikuwa amelingoja miaka sita. Alikuwa amelingoja hasa siku moja, saa nne asubuhi, kwenye meza ile ile, na siku hiyo halikuja.

"Rudi nyuma," sauti ilisema. "Baada ya mtoto j."

"Tisa, mzee L, mtoto p, mzee Y."

Ko. Wakaendelea hadi herufi ya arobaini na tatu. Baada ya ko ya mwisho wifi alisema, kwa sauti ya kikazi, "Ndiyo yenyewe. Kubali."

Mashine ilikuwa imechoka kungoja, kama Fundi alivyosema. Alipoandika ndiyo ilimkatia. Akaandika amri upya. Safari hii haikuuliza uko tayari wala una uhakika, kwa sababu ilishaijua seva. Iliuliza kitu kimoja tu.

"Umeingia?" wifi aliuliza.

"Bado. Inataka neno la siri."

"Basi liandike. Nakata simu."

"Usikate." Bi Miwani alishika meza. "Usikate, wifi. Nitalisoma kwanza. Fuatisha."

"Neno la siri hasomewi mtu. Hatua ya nne. Umeshaisahau?"

"Sijaisahau. Shika penseli."

Hakusikia chochote, na hicho kilimtosha. Kioo kilikuwa cheusi, hapakuwa na mswada wa kutazama, wala hakuuhitaji.

"Siku ile mstari ulikuwapo," alisema. "Kwenye mswada niliokuwa nao. Niliuona, wifi. Nilifika kwenye ameacha, nikauona, nikauruka kwa macho yangu mawili. Nilitaka kaka yangu awe wangu peke yangu. Kwa mstari mmoja tu. Nikajua utaniambia umeruka, nami nitasema samahani nitausoma, basi, yaishe. Nikangoja useme. Sikujua kwamba na wapanga chapa wameudondosha. Ukagonga. Nami nikakaa kimya, kisha nikakutupia wewe."

Feni iligeuka kushoto. Mtu alikuwa akipumua ndani ya simu.

"Nasoma," Bi Miwani alisema.

Akausoma kama ulivyostahili kusomwa, bila kukimbia, kila alama mahali pake. "Mzee A, ameacha mke, mkato, mwenzi wake wa miaka kumi na tisa, mkato, aliyemsomea gazeti kila asubuhi, nukta."

Akangoja.

Alingoja muda mrefu. Jua lilishuka kwenye ukuta kwa upana wa kidole. Chini dukani Fundi alicheka na mteja, kisha akanyamaza. Bi Miwani alifumba macho na kuiona ile nyumba isiyo na madirisha, taa za kijani, na yule mtu aliyekaa amempa mgongo, na safari hii hakurudia mstari. Alikwisha kuusoma. Kilichobaki hakikuwa chake.

Ko.

Baadaye sana, au pengine ni papo hapo, sauti ilikuja, imelowa, ikijikaza iwe ya kikazi bila kufaulu.

"Ukishaingia, badilisha hilo neno la siri, wifi. Sasa tunalijua wawili."